Kiti cha Pweza na Zamu Yangu ya Mwethya

Kile chombo cha kioo kilicho sebuleni kwangu si cha mandazi. Nasema mapema kwa sababu kila mgeni anayeingia huuliza kama nimefungua hoteli. Ni kweli kwamba nilipokikuta kwa muuza vyuma chakavu mjini Kitui, yeye mwenyewe aliniambia ni kabati la mandazi lililopoteza mlango. Kumbe kilikuwa chombo cha kufugia samaki, kilichotoka kwenye hoteli iliyofungwa, na mstari wa kijani wa maji ulikuwa bado umeshika kwenye kioo. Sikumsahihisha. Mtu akikuuzia kitu asichokijua, mshukuru uondoke.

Ndani ya kioo hicho nafuga mnyama wa baharini anayeitwa kiti cha pweza. Ana mikono mitano, rangi ya majivu, na vinundu vyekundu mgongoni kama shanga zilizoshonwa kwenye kiondo. Watu wa hapa Kanyangi wanamwita nyota, na wengine wanamwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Bahari iko mbali nasi. Mvua yetu huja mara mbili kwa mwaka ikitaka, na isipotaka haiji. Yote hayo nayajua, nimezaliwa hapa. Namfuga hata hivyo, na nitaeleza mambo yalivyokuwa, kwa sababu hadithi inayozungushwa sokoni siyo.

Nilifundisha sayansi katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, minne kati yake kule Kikima, iliyobaki huku huku Kitui. Kila mwaka, tukifika kwenye wanyama wasio na uti wa mgongo, nilichora kiti cha pweza ubaoni kwa chaki. Nilimchora vizuri. Mwaka mmoja msichana wa dawati la mbele aliniuliza kama nimewahi kumwona, nikamjibu ndiyo. Nilimdanganya. Nilikuwa sijaiona hata bahari yenyewe. Uongo ule mdogo ulinikera kuliko makosa yangu makubwa, na nilipostaafu, kabla sijajua nitashinda nikifanya nini, nilijua nitamfuga mnyama huyo.

Sababu ya pili ni hasira. Huku kwetu mwanamke hafugi kitu bure. Mbuzi ni karo, kuku ni mgeni, punda ni maji, hata paka ana kazi ya panya. Mimi sikuolewa, sikuzaa, nilisomesha watoto wa ndugu zangu mpaka wa mwisho akapata kazi, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu kilichokaa nyumbani kwangu kwa sababu tu nakipenda. Nilitaka kitu kimoja kisichokamuliwa, kisichochinjwa, kisichobeba mzigo. Mtu akiniuliza faida ya nyota wangu, namwambia hana. Huwa naona jibu hilo likimchoma, na siwezi kusema kwamba sifurahii.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la aibu, na ni kosa ambalo mtu wa Mombasa hawezi kulifanya hata akiwa amelewa. Kisima cha mashine pale sokoni kwetu kina maji ya chumvi. Ukipika chai, maziwa yanakatika. Maharagwe hayaivi, sabuni haitoi povu, sufuria zinaota utando mweupe. Ng'ombe wanayapenda maji hayo. Sisi tunayanywa kwa sababu hakuna mengine. Tangu utotoni nimesikia watu wakisema kwamba chini ya Kanyangi kuna bahari. Basi mimi, mwalimu wa sayansi mzima, nikajiambia: kama bahari iko chini ya miguu yangu, kuna haja gani ya kuisafirisha?

Nina rafiki mwenye duka la vitambaa na viungo mjini Kitui. Ukoo wake ulitoka pwani kabla yeye hajazaliwa. Ni mcheshi, anaswali, na hajawahi kuniuliza faida ya kitu. Kaka yake huendesha lori linalopeleka ndengu Mombasa na kurudi na bidhaa za maduka. Huyo kaka ndiye aliyeniletea kiti cha pweza wa kwanza, aliyenaswa kwenye wavu wa jamaa yao mmoja, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Nilimtoa kwenye ndoo nikamtia moja kwa moja katika maji ya kisima chetu. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikala chakula changu cha jioni nikimwangalia. Asubuhi mikono yake ilikuwa imelegea, ngozi imeanza kuchunika, na mkono mmoja ulikuwa umeachana na mwili. Nililia peke yangu hapo sebuleni, kisha nikampigia rafiki yangu simu.

"Mwalimu," akasema, "kwani ulimtia maji gani?"

"Ya hapa. Si ni ya chumvi?"

Alicheka mpaka nikasikia wateja wake wakimwuliza kuna nini. "Hiyo si bahari, dada yangu. Hiyo ni chumvi ya ng'ombe. Nisamehe, wallahi nacheka, lakini pole sana."

Nilikaa na aibu hiyo wiki mbili. Halafu nikafanya lile ambalo ningemchapa mwanafunzi kwa kutolifanya: nikapima. Kule Kikima watu wana ng'ombe wa maziwa, na kila mnunuzi ana kile kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa, cha kumkamata aliyeongeza maji. Nilisafiri mpaka huko nikaazima kimoja kwa mwalimu mwenzangu wa zamani. Nilipokitia kwenye maji ya kisima chetu kilizama chote, hata shingo haikuonekana. Chumvi yote tunayoilalamikia, inayotuharibia chai na meno, haikutosha kuinua kijiti. Baadaye nilipopata maji ya bahari yenyewe, kilisimama wima kwenye ishirini na tano, chini kidogo tu ya pale maziwa safi yanapokiinua. Mpaka leo sina kipimo kingine, na sikihitaji.

Maji hayo ya bahari yalikuja kwa lile lori la ndengu, mitungi minane ya lita ishirini, katikati ya kiangazi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wakichimba mashimo mchangani yanayoweza kummeza mtu mzima, wapate ndoo moja ya maji ya rangi ya chai. Habari zilifika kijijini kabla ya lori: Mwalimu ameletewa maji. Nilipofika nyumbani na mitungi yangu nilikuta foleni ya mitungi mitupu langoni kwangu. Mbele ya foleni alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana mashamba, mama aliyenipita umri kidogo, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye pia ndiye anayeongoza maombi ya akina mama kanisani kwetu.

"Umebarikiwa, Mwalimu," akasema. "Utatugawia tu kidogo, ya watoto."

"Si ya kunywa, mwaitu. Ni ya bahari."

Mwaitu ni mama, kwa heshima. Sikumjibu kwa dharau. Lakini niliona usoni mwake kwamba ananihesabu mchoyo, kwa hiyo nikafungua mtungi nikamchotea kikombe. Alionja, akatema kwenye vumbi, akajipangusa ulimi kwa leso.

"Mwalimu," akasema polepole, "unaleta maji ya chumvi mahali pa maji ya chumvi?"

Foleni nzima ilicheka, nami nikacheka, maana lilikuwa jambo la kuchekesha. Lakini walipogeuka kwenda na mitungi yao mitupu, hakuna aliyeniaga. Nilijua nimeandikwa mahali.

Kiti cha pweza wa pili sikumfanyia haraka. Nilimwacha kwenye ndoo yake, nikawa namwongezea kikombe kimoja cha maji ya chombo kila robo saa, asubuhi nzima, mpaka maji ya ndoo na ya chombo yakawa kitu kimoja. Ndipo nikamwingiza. Aliishi. Nilijifunza kwamba maji yakipaa yanaacha chumvi nyuma, kwa hiyo huongezi maji ya bahari, unaongeza maji ya mvua. Kutoka kwenye tangi langu nilimwongezea glasi mbili kwa siku. Glasi mbili! Hayo ndiyo maji yote ambayo mnyama wangu aliwanyima watu wa Kanyangi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kunywa chai ya saa kumi ili nisionekane mwizi hata machoni pangu.

Nilimlisha kamba waliogandishwa, walioletwa na lori lile lile, na wakikosekana nilimpa omena, wale dagaa wakavu, niliowalowesha. Ukimwekea kipande karibu, anakuja juu yake kwa miguu midogo isiyohesabika iliyo chini ya mikono, polepole kuliko mshale wa saa, kisha anakifunika na kutoa tumbo lake nje, akala huko huko nje. Nimefundisha jambo hilo miaka thelathini bila kuliamini sana. Pampu ndogo ya hewa ilifanya kazi kwa stima, na stima ikipotea kulikuwa na betri ya sola. Betri ikiisha, nilichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, ili yaingie hewa, mara moja kila saa. Miezi saba aliishi hivyo. Ilikuwa miezi mizuri. Niliamka nikitaka kujua yuko kona gani.

Sasa nieleze habari za mwethya, kwa asiyejua. Mashamba yetu yako kwenye mteremko, na mvua ya Novemba ikija inakuja kwa fujo, inabeba udongo. Tunazuia kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, ndiyo maana unaitwa fanya juu. Mtu mmoja hawezi kumaliza. Kwa hiyo tuko wanawake kumi na watano, tunazunguka shamba kwa shamba kila mtu kwa zamu yake. Hakuna kuitwa. Siku inajulikana, unakuja na jembe lako, unachimba. Mwenye shamba anapika, na ni lazima ampakulie kwa mkono wake kila aliyechimba, asimruke hata mmoja. Mwenyekiti ndiye wa mwisho kuchimbiwa. Zamu yangu ilikuwa ya kumi na tatu, mwanzoni mwa Oktoba. Nilikuwa nimeshachimba kwa wenzangu kumi na wawili, mpaka viganja vikawa kama gome.

Na nilikuwa na haja. Shamba langu la chini linapakana na korongo linalotoka barabarani, na tuta lililokuwa likilinda lilibomoka msimu uliotangulia. Bila mtaro mpya kabla ya mvua, udongo ungekwenda mtoni. Hilo ndilo shamba linalonipa mahindi na kunde. Pensheni haitoshi mtu kununua kila kitu.

Wiki moja kabla ya zamu yangu mwenyekiti alikuja kukagua, kama ilivyo desturi, tukapima hatua kwa hatua pale mtaro utakapopita. Kisha nikamkaribisha ndani apumzike. Alikuwa hajawahi kuingia sebuleni tangu siku ya ule mtungi. Alikaa, akapokea kikombe, halafu akaona kioo. Nyota wangu alikuwa amepanda ukutani, amejinyoosha mikono yote mitano, tumbo likituangalia.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini bila kuonja. "Hii ndiyo ile kitu?"

"Ndiye huyo."

"Mwalimu, hiyo ni alama. Hiyo nyota ya pembe tano ndio ya wale watu wa devil worship. Hata juzi imehubiriwa kwa redio."

"Mwaitu, huyo ni mnyama. Ana mdomo, anakula. Aliumbwa siku moja na samaki."

"Samaki analiwa. Hii inaliwa?"

"Hailiwi."

"Inafanya kazi gani?"

Nikamwambia haina kazi. Pengine hapo ndipo ningetumia akili zaidi. Alinyanyuka, akasimama mlangoni, akasema bila ukali, kama mtu anayenionea huruma: "Wewe ni mtu yetu. Lakini sisi hatuwezi kuja kuchimba na kuomba kwa boma iko na hiyo kitu. Itoe, tukuje. Ikikaa, hatukuji."

"Basi msije."

"Mwalimu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu," nikasema.

Akina mama wa mwethya walikutana baada ya ibada, wakakubaliana naye. Siku ya zamu yangu nilikuwa nimeloweka mahindi na maharagwe ya watu kumi na watano, kwa sababu sikutaka iwe mimi niliyevunja desturi. Saa moja asubuhi niliwasikia wakipita barabarani, wakiimba, wakielekea kwa mwanamke wa kumi na nne. Waliniruka kama dimbwi. Nilisimama langoni na mwiko mkononi, na moyo wangu ulijaa uchungu ambao sikuuwazia. Nilikuwa nimechimba kwa kila mmoja wa wale kumi na wawili. Nilikuwa nimefundisha watoto wa nusu yao kusoma.

Rafiki yangu wa Kitui alisikia, akaja na shauri. "Nipe mimi nikae naye. Kioo nitakiweka chumba cha nyuma dukani. Wakishamaliza kukuchimbia, unamchukua. Nani atajua?"

Lilikuwa shauri zuri, na alinipa kwa mapenzi. Nililala nalo. Asubuhi nikamwambia hapana. Nikimficha, nitakuwa nimekubali kwamba kuna kitu cha kufichwa, na keshokutwa watapata kingine cha kukataa: redio yangu, vitabu vyangu, au huyu rafiki mwenyewe anayekuja kwangu na mtandio wake kichwani. Nilimwambia hivyo. Alinishika mkono, akasema mimi ni mbishi kuliko kaka yake, na kaka yake aliwahi kubishana na faru barabarani.

Nikashika jembe. Watu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kweli hakivunji, lakini kinachimba. Nilianza kila siku alfajiri mpaka jua likawa kali, nikapumzika, nikarudi saa kumi. Ardhi ya Oktoba ni ngumu. Unapiga, jembe linarudi. Bega la kulia lilianza kuuma wiki ya kwanza na halijaacha mpaka leo. Wapitaji walisimama barabarani kunitazama. Wengine walinisalimu, wengine walijifanya wanaongea na simu. Mwishoni mwa mwezi nilikuwa nimebakiza hatua kama thelathini, zile za karibu na korongo, na nilijiona mshindi. Nilikuwa nikiingia nyumbani jioni, vumbi mpaka magotini, nikikaa mbele ya kioo, nikimwambia nyota wangu leo tumesogea hatua nne.

Kisha stima ikapotea siku mbili. Siku ya kwanza betri ilibeba. Siku ya pili, asubuhi, niliona taa ya betri imekuwa nyekundu, nikajua itabidi nishinde na jagi. Nilichota, nikamwaga, nikachota, nikamwaga. Saa tatu nikatazama nje nikaona mawingu upande wa Makueni. Nikashtuka. Nikajiambia nitakwenda saa moja tu. Nilifika shambani nikakuta ukingo wa korongo umeporomoka usiku, umefukia kazi ya siku tatu. Nilichimba kama mwendawazimu. Sikusikia njaa wala sikuona muda. Mawingu yalipita bila kudondosha tone, joto likawa lile la kuoka, na niliporudi jua lilikuwa linazama.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu nilipoingiza mkono. Yeye alikuwa sakafuni mwa chombo amelegea, mikono imekunjamana, na nilipomgusa hakujishikilia mahali. Nilimwaga maji kwa jagi muda mrefu. Nilijua ni bure, lakini nilimwaga. Nilimlilia mnyama asiye na damu wala ubongo, na sioni haya kuandika hivyo. Nililia pia kwa hasira, maana nilijua hasa nilichokuwa nikifanya saa ile alipokuwa akikosa hewa.

Nilimzika kando ya tangi la maji. Mtu aliniona, maana siku ya pili yake asubuhi nilisikia nyimbo zikija barabarani, na safari hii hazikupita. Waliingia langoni, majembe mabegani. Niliyahesabu, yalikuwa kumi na mawili. Mwenyekiti alikuwa mbele, uso umekunjuka.

"Mwalimu, tumesikia ile kitu imeenda. Bwana asifiwe! Tuliomba, na Mungu amejibu. Sasa tuombe kidogo, tushukuru, tuingie shamba. Hii kazi tunamaliza saa sita."

Wangemaliza kabla ya saa sita. Hatua thelathini, majembe kumi na mawili, mimi nikipika. Nilichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa na kusema amina. Bega langu lilikuwa tayari limeshasema. Wanawake walikuwa wameanza kufumba macho.

"Hakwenda," nikasema. "Alikufa. Stima ilipotea, na mimi nilikuwa huko chini nachimba mtaro ambao nyinyi mlikataa kuchimba. Kama mngekuja siku yangu, ningekuwa nyumbani. Msimsingizie Mungu kazi yenu."

Wakafumbua macho.

"Na nimeshaagiza mwingine," nikaendelea. "Lori likirudi, anakuja. Mkitaka kuchimba, chimbeni mkijua hivyo."

Mwenyekiti alinitazama. Sikuona hasira machoni mwake. Niliona mtu aliyepigwa kofi mbele ya watoto wake. Akageuka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wa mwisho alisimama, akatazama mtaro, akatazama mawingu, halafu naye akaenda. Nilitaka kuwaita. Nasema ukweli, mdomo ulishafunguka. Niliufunga, nikachukua jembe.

Mvua ilikuja siku sita baadaye, adhuhuri, nikiwa na hatua kumi na nane bado. Maji hayakuwa na haja ya kunitafutia kosa lingine. Yalishuka kutoka barabarani, yakagonga mtaro wangu, yakafuata mtaro vizuri kabisa kama nilivyoupanga, mpaka yakafika pale ulipokoma. Hapo yakageuka na kuingia shambani. Nilisimama kwenye mvua nikiona udongo mwekundu ukienda, robo nzima ya shamba la chini, mpaka mwamba ukatokeza mweupe. Sehemu iliyobaki mtaro wangu uliishika. Kila tuta lililosimama pale nimelisimamisha mimi.

Jumamosi iliyofuata lori lilifika, na ndani ya ndoo kulikuwa na kiti cha pweza mdogo kuliko wa kwanza na wa pili, mwenye mkono mmoja uliokatika na kuanza kuota upya. Nilimwongezea maji kikombe kwa kikombe, asubuhi nzima.

Ilikuwa imebaki zamu ya mwenyekiti, ile ya mwisho, iliyokuwa imeahirishwa. Mvua ilikuwa imebomoa matuta yake mawili, kwa hiyo mwethya ulikwenda kuyarudishia. Nilichukua jembe langu nikaenda.

"Mwalimu, hujaitwa," mmoja akasema.

"Mwethya hauna kuitwa," nikamjibu, nikashuka mtaroni.

Nilichimba mpaka saa saba. Sikuimba, lakini sikuacha hatua yangu nyuma ya hatua ya mtu. Tukanawa, tukakaa kwenye nyasi, na mwenyekiti akaanza kupakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kutoka kwenye sufuria kubwa. Aliwapa wote. Nilijua anafikiri, maana mwiko ulikuwa unakwenda polepole. Mwishowe akaja na sahani yangu, akanipa kwa mikono miwili. Hakuondoka.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "zamu yako tutaiweka lini?"

"Ilikuwa Oktoba, mwaitu. Mliiruka."

Wenzetu wakaacha kutafuna. Yeye akatazama mikono yake.

"Na hiyo nyota?"

"Yuko. Mwingine. Anakula vizuri."

Alivuta pumzi, akaiachia. "Jumanne tunakuja," akasema, na sasa alisema kwa nguvu ili kila mtu asikie. "Ikuwe ndani, ikuwe nje, tunakuja."

"Karibuni," nikasema. "Lakini mje na sururu. Jembe halitaingia pale. Udongo ulishaenda."

Nilikula mpaka sahani ikawa nyeupe, nikamnyooshea, nikaomba niongezwe, naye akaniongeza.